Mistari Mitupu Chini ya Kila Ng'ombe

Nyinyi vijana mnaosomea hifadhidata hapo chuoni Machakos mna tabia moja iliyonifanya nichukue kalamu. Mwalimu wenu aliniletea kazi zenu nizipitie, kwa kuwa nimestaafu na inadhaniwa mstaafu hana shughuli ila kupitia kazi za watu. Nikakuta kila safu, iwe ya jina, ya nambari ya simu au ya jinsia, mmeipa urefu wa kubadilika, mwisho herufi mia mbili hamsini na tano. Hata jinsia! Herufi moja inatosha kusema mtu ni wa kike au wa kiume, lakini nyinyi mmemwekea mia mbili hamsini na tano, labda mnatarajia ajieleze.

Sikucheka sana. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea mambo ya urefu wa safu, nikiwa na cheti kipya na kiburi kipya zaidi ya cheti, na kosa langu lilimwangukia mtu asiyestahili. Nitawasimulia. Mtanivumilia nikiruka huku na huku, maana kumbukumbu zangu hazijapangwa kwa tarehe.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Niliajiriwa na kampuni moja ya mifugo kule Athi River. Sitaitaja, ilishafungwa zamani. Ilikuwa na mazizi ya kupokea ng'ombe kutoka Garissa na kwingineko kabla ya kuchinjwa. Mnyama akifika anavalishwa hereni yenye nambari sikioni, anaogeshwa dawa ya kupe, kisha daktari wa mifugo anamchunguza kwa siku kadhaa. Akionekana mzima anaandikiwa cheti cha kuachiliwa. Bila rekodi hapakuwa na cheti, na bila cheti ng'ombe alibaki zizini, hata kama mwenyewe alimlea tangu ndama.

Rekodi hizo zilitunzwa na karani mmoja aliyeitwa Syombua. Hakuna aliyemwita hivyo. Sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, hata meneja ambaye alimzidi umri. Alikuwa na rejista kubwa za kubebwa kwa mikono miwili, na dirisha dogo lililotazama mizani. Siku yangu ya kwanza aliniuliza jina, akafungua rejista kurasa za mwisho kabisa, akaandika kitu, akaifunga. Nilidhani ni orodha ya wageni. Nilikuwa nimeletwa kuhamishia rejista zake kwenye kompyuta, na kila mtu pale alijua maana yake, ila hakuna aliyeitamka mbele yake.

Seva yangu waliiweka katika stoo ya zamani ya dawa ya kupe. Sweta zangu zilinuka dawa hiyo mwaka mzima. Kanisani Mumbuni watu waliniachia benchi karibu lote, nami nikadhani ni heshima ya mtu wa kompyuta.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe, maana mwalimu wenu ameniambia mnalikariri bila kulielewa. Safu ya urefu maalum ni trei ya mayai. Kila yai lina shimo lake, na ukitaka yai la kumi na saba huhitaji kuhesabu, mkono unajua pa kwenda. Lakini shimo lisilo na yai linachukua nafasi ileile. Safu ya urefu wa kubadilika ni kiondo. Kinabeba ulicho nacho tu, hakina mashimo matupu, ila ukitaka kitu ndani yake ni lazima upekue. Hakuna kilicho bora kuliko kingine. Anayewaambia kimoja ni bora kila mahali hajawahi kubeba mayai kwenye kiondo.

Aliyeanza kuutengeneza mfumo kabla yangu, akaondoka kazi haijaisha, alikuwa mtu wa trei. Kila safu ilikuwa na urefu maalum, hata safu ya maelezo ya daktari, aliyoipa herufi mia mbili. Daktari aliandika "Mzima", herufi tano, na mashine ikajaza mia moja tisini na tano zilizobaki kwa nafasi tupu. Ng'ombe wengi wanaoingia ni wazima, Mungu ashukuriwe, kwa hiyo tulikuwa tukihifadhi utupu kwa bidii kubwa. Diski ya siku hizo ilikuwa ndogo mno, leo picha za harusi moja zingeijaza. Ikajaa.

Nikaibadilisha safu ya maelezo kuwa ya urefu wa kubadilika, hifadhidata ikapungua hadi theluthi yake. Meneja alinisifu mbele ya watu wote kwenye chai ya saa nne. Nanyi mnajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Programu ile ilikuwa na mahali pa kueleza kwamba katika kila ukurasa wa diski, sehemu fulani iachwe wazi ili rekodi zikirefuka baadaye zipate pa kukaa. Waliotengeneza programu walikuwa wameiacha sehemu hiyo iwepo. Mimi niliona ni upotevu, nikaandika sifuri. Rekodi zikabanana bila hata upenyo.

Kisha nikaandika ripoti ya kurasa mbili. Humo nilisema, pamoja na mengine, kwamba karani wa rejista huacha mistari mingi mitupu chini ya kila mnyama, jambo linaloonyesha upotevu wa karatasi na mazoea ya zamani. Nakumbuka nilivyojipongeza kwa maneno hayo, "mazoea ya zamani". Meneja aliisoma, na wiki iliyofuata ikatangazwa kwamba meza ya rejista itafungwa mwisho wa mwezi. Ulikuwa wakati wa watu kupunguzwa kazini kila mahali, na matangazo ya namna hiyo hayakumshangaza mtu. Mwaitu alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu kwa heshima, na watoto wake wawili walikuwa bado shuleni.

Aliendelea kunisalimia asubuhi kama kawaida, nami niliitikia huku nikitazama viatu vyangu.

Mashine ilianza kujikokota polepole, siku chache baada ya sifa zangu. Mwanzoni kumtafuta ng'ombe mmoja kulichukua muda wa kupiga chafya. Baadaye ukawa muda wa kufunga kamba za viatu, na hatimaye ungeweza kwenda kuchukua chai na kurudi. Nililaumu umeme. Nililaumu nyaya. Nilimkataza mfagiaji asifagie karibu na stoo, nikisema vumbi linaingia kwenye seva, maskini wa Mungu akawa anafagia kwa kuinama umbali wa hatua kumi. Niliomba memori zaidi, ikanunuliwa, mashine ikaendelea kujikokota ikiwa na memori zaidi. Kitu kimoja sikukilaumu, nacho ni kazi yangu.

Sababu ilikuwa mbele ya macho yangu. Daktari wetu hakuandika mara moja akamaliza. Ng'ombe akiingia aliandika "Mzima". Kesho yake, baada ya josho, aliongeza sentensi palepale. Siku ya tatu akaongeza nyingine, mara kikohozi, mara kwato, mara amechanjwa. Meneja alitaka maelezo yote ya mnyama yakae mahali pamoja. Kwa hiyo rekodi iliyoanza na herufi tano iliishia na mia na hamsini, na pale nilipoibana hapakuwa na nafasi ya kuongezea hata nukta. Mashine ilifanya nini? Iliihamishia rekodi ukurasa mwingine wenye nafasi, na pale pa zamani ikaacha alama ya kusema nenda kule. Kila ukimtafuta ng'ombe, unafika kwake unakuta amehama, unaelekezwa mbele. Karibu ng'ombe wote walikuwa wamehama hivyo. Haya ninayajua leo. Wakati ule nilikuwa nikihangaika na mfagiaji.

Kiangazi kikaja. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Haji, Msomali wa mjini, mtu mpole anayevaa kofia safi hata katikati ya kinyesi cha mazizi. Siku moja ng'ombe wake walikuwa wamepangwa kwenye njia ya mizani tangu asubuhi wakisubiri vyeti, jua linachoma, maji hakuna upande ule. Mimi nimekaa mbele ya mashine nikingoja. Haji alikuja akasimama nyuma yangu, akatazama kioo cha mashine kwa muda.

"Nduku," akaniambia, "hii kompyuta yako inatafuta ng'ombe ama inafuga?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao kwa aibu. Lakini kabla ya saa sita, dume wake mmoja mwekundu alipiga magoti mbele ya mizani na hakuinuka tena. Haji aligeuka, akaenda kwenye dirisha la Mwaitu, akataja nambari za ng'ombe waliobaki. Mwaitu alifungua rejista, kidole kikashuka, kikasimama. Nambari baada ya nambari. Daktari alitia sahihi vyeti vya mkono, na kabla ya saa nane njia ya mizani ilikuwa tupu, isipokuwa yule dume.

Niliumia siku ile. Niliumia kwa ajili ya mnyama, na nitasema ukweli, niliumia zaidi kwa ajili yangu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho yake nilienda kwenye meza ya Mwaitu nikijidai nalinganisha nambari. Nilitazama alivyofanya kazi. Aliingia ng'ombe mwenye kidonda mguuni, akamwandika, kisha akaruka mistari kumi na miwili ndipo akaanza kumwandika anayefuata. Huyo wa pili alikuwa mzima, akaruka mitatu. Ilikuwa mistari ileile niliyoiita upotevu. Nilimwuliza anajuaje aruke mingapi.

"Huyu amekuja na kidonda," akasema bila kuinua kichwa. "Kidonda iko na maneno mingi. Leo utaandika hivi, kesho hivi. Hii ingine haina shida, mistari tatu imetosha."

Nikamwuliza kama amekuwa akifanya hivyo siku zote. Hapo aliweka kalamu chini. Akanisimulia kwamba alipoanza kazi, bado msichana, bosi wa wakati huo alimgombeza kwa kutumia karatasi nyingi. Kwa hiyo akawa anabana, mstari kwa mstari. Ng'ombe akiugua na mahali pake pamejaa, anaandika pembeni "angalia ukurasa wa themanini", anamwendeleza kule. Ukurasa wa themanini nao ukijaa, mbele tena. Kufikia mwisho wa mwaka, kumtafuta ng'ombe mmoja kulimaanisha kupindua kitabu kizima. Akaamua liwalo na liwe, akaanza kuacha nafasi, na bosi akaacha kugombeza alipoona foleni imeisha.

"Si kila kitu inakua," akaniambia. "Nambari ya sikio haikui. Rangi haikui. Lakini maneno ya daktari? Hiyo lazima uiwekee mahali."

Nilisimama pale nikihisi joto usoni. Mama aliyeishia darasa la nane alikuwa amenieleza, kwa kalamu ya wino, kosa nililokuwa nikilitafuta kwenye nyaya kwa wiki kadhaa. Nilirudi stoo karibu nikikimbia. Nikaondoa ile sifuri, nikaacha nafasi ya kutosha katika kila ukurasa. Nambari ya hereni, jinsia na zizi nikazipa urefu maalum, maana hazibadiliki. Jina la mwenye ng'ombe na mahali alikotoka nikaviacha kwenye kiondo. Maelezo ya daktari nayo kwenye kiondo, ila kiondo chenye nafasi ya kutanuka. Kisha nikapakia rekodi zote upya kutoka mwanzo, maana kubadilisha mpangilio peke yake hakumrudishi aliyekwisha hama. Hili mliandike, linasahaulika sana. Hifadhidata ikanenepa kidogo. Mashine ikarudi kwenye muda wa chafya.

Meneja aliita watu waje kuona. Alikuwepo daktari, alikuwepo Haji, na Mwaitu pia, kwa sababu tulihitaji rejista yake ili kulinganisha. Haji alitaja nambari, mimi nikaandika, ng'ombe akatokea kabla hajamaliza kupumua. Akatikisa kichwa kwa furaha. Meneja akanigeukia, akaniuliza nimetoa wapi maarifa hayo.

Nilimwona Mwaitu kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameshika rejista kwa mikono miwili.

"Ni mambo ya kusoma tu, bwana," nikasema.

Naam. Ndivyo nilivyosema. Nilijiambia nitamweleza meneja baadaye, faraghani, kwa utaratibu. Mwoga hana uhaba wa utaratibu.

Ilikuwa Jumatano. Ijumaa zikatoka barua. Na mnadhani zilichapwa wapi? Zilichapwa stoo, kwenye printa yangu, kwa programu iliyochukua majina kutoka jedwali la wafanyakazi. Jedwali hilo sikuwahi kuligusa. Lilikuwa bado la trei, safu ya jina ina urefu maalum wa herufi arobaini. Jina la Mwaitu lilikuwa fupi, mashine ikajaza utupu mbele yake, na utupu huo ukachapwa pia. Barua ikasoma "Bi. Syombua", kisha uwanja mkubwa mweupe, kisha alama ya mkato, kisha "kampuni inakushukuru kwa utumishi wako." Utumishi wenyewe ulipewa mstari mmoja.

Nilipewa mimi nimpelekee. Aliisoma polepole, dirishani pake, miwani ikiwa puani. Alipomaliza aliweka kidole kwenye ule uwanja mweupe.

"Na hapa," akauliza, "mmeacha nafasi ya nini?"

Aliuliza kwa dhati, kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake. Jibu la kweli ni kwamba tulisahau kukata nafasi tupu za mwisho, na hilo si jambo la kumwambia mtu anayepoteza kazi.

Jumatatu nilimwendea meneja. Nikamweleza kila kitu, rejista, mistari mitupu, ukurasa wa themanini, na kwamba aliyeponya mfumo ni karani anayemfukuza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua droo, akatoa ripoti yangu, akavaa miwani, akanisomea mwenyewe kwa sauti: upotevu wa karatasi na mazoea ya zamani. Akaniambia nina moyo mzuri, lakini kazi nzuri niliyoonyesha Jumatano ndiyo iliyothibitisha kwamba rejista haihitajiki tena. Nilikuwa nimechelewa siku tano, na siku tano ndizo zilizotosha.

Tulimuaga Mwaitu kwa chai, mandazi, blanketi na saa ya ukutani. Hotuba ya meneja ilikuwa ile aliyompa kila mtu. Haji alikuja na mbuzi aliye hai, akamfunga kamba nje ya ofisi, akasema huyu hahitaji cheti. Mwaitu alicheka hadi akafuta machozi. Rejista zake nikaachiwa mimi nizitunze stoo. Sikuzifungua kwa muda mrefu. Niliogopa, ndilo neno.

Kampuni ilipofungwa, nikiwa nimeshahamia kwingine kwa sifa za kazi ileile, niliitwa nichukue vitu vyangu. Nikachukua rejista ya mwisho. Nyumbani nikaifungua kurasa za nyuma, pale alipoandika siku ile ya kwanza. Haikuwa orodha ya wageni. Ilikuwa orodha ya wafanyakazi, kila aliyewahi kuajiriwa pale, na chini ya kila jina ameacha nafasi aliyoona inamfaa. Daktari aliachiwa mistari mitano, imejaa. Meneja aliachiwa miwili, na mmoja haukutumika.

Jina langu liliachiwa ukurasa mzima. Limeandikwa juu kabisa kwa mwandiko wake wa wima, na mistari yote iliyoandikwa ni minne:

Nduku. Wa kompyuta. Mzima.
Ameandika ripoti.
Amekuja kuuliza.
Hakusema.

Chini ya hapo ukurasa ni mtupu hadi mwisho. Nimekuwa nikiutazama utupu huo kwa miaka mingi kuliko nilivyotazama hifadhidata yoyote. Hakujua nilienda kwa meneja Jumatatu, kwa sababu sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba nilisema baada ya barua?

Kwa hiyo, vijana, kabla ya kuuliza safu itakuwa na urefu gani, ulizeni itaandikwa mara ngapi, na nani. Kisha mwende mkamwulize huyo nani mezani kwake. Akiwafundisha kitu, mtaje jina lake siku hiyohiyo, watu wakiwa wamesimama pale, maana baadaye mahali pake huwa pamejaa.

Mwaitu yuko hai. Yuko kwake, kilomita chache kutoka kwangu, anafuga kuku na macho yake bado yanasoma. Nimemwomba mwalimu wenu anichapie nakala moja ya haya niliyoandika, kwa herufi kubwa. Jumamosi nitampelekea pamoja na rejista yake, na kalamu ya wino. Akiona vyema ataongeza mstari. Asipoona vyema sitamlazimisha, nafasi aliiacha mwenyewe.